Kijana wa Ughaibuni na Nchi ya Wazee Wake

Kijana aliyezaliwa ugenini, akalelewa kwa lugha na chakula na sheria za majirani wa wazazi wake, kisha akafikia umri wa kujiamulia na kuazimia kwenda kukaa katika nchi ambayo wazazi hao waliitaja kila siku na yeye hajapata kuitia machoni, aghalabu huulizwa na jamaa zake habari za nauli, kazi na afya, na ni wachache wanaomwuliza lililo zito kuliko hayo yote, yaani ni nani atakayempokea huko na kwa haja gani. Swali hili linawahusu watoto wa Kifilipino waliokulia California na Dubai kama linavyowahusu watoto wa Kiomani waliokulia Unguja. Serikali nyingi zimelijibu kwa sheria, na raia wamelijibu kwa desturi, na majibu hayo mawili mara nyingi hayapatani. Mimi nataka kulitazama kutoka bara ya Lindi, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako kwa muda wa miaka sitini hivi vijana wa namna hii wamepita kwa pande zote mbili, wengine wakitoka hapo kwenda katika nchi ya baba zao wasiyoijua, na wengine wakija hapo kwa kuwa baba zao walitoka hapo. Kauli yangu ni moja, na naitoa mapema ili msomaji aipime njiani: nasaba humpa kijana haki ya kubisha hodi, lakini anayefunguliwa mlango ni yule ambaye wenyeji wana haja naye, au yule ambaye yuko mtu wa kumdhamini kwa jina.

Nachingwea imezoea wageni. Wamwera ndio wanaohesabiwa kuwa wenyeji wa nyanda hizi, na pamoja nao wako Wamakua, Wayao na Wamakonde, kila watu na kisa chao cha kuhama. Na Ruangwa yenyewe ilikuwa sehemu ya Nachingwea hata miaka ya 1990 ilipofanywa wilaya ya peke yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza Tanganyika ule mpango wa karanga uliokusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu iliyo kubwa katika Jimbo la Kusini, nao wakaleta matrekta, wahandisi, makarani na vibarua wa kila kabila katika pori la Nachingwea, wakajenga reli kutoka pwani, wakachimba visima na kupasua barabara. Na mwaka 1951 mpango ukavunjwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35, karanga zenyewe zisipate kutajika. Reli ikafungwa na kung'olewa mapema katika miaka ya 1960. Yaliyosalia yalikuwa mabanda, uwanja wa ndege, watu waliokosa nauli ya kurudi kwao, na mashamba yanayoitwa kwa namba. Mojawapo ya mashamba hayo, Farm 17, lilikuja kupata sifa ambayo wale waliolipa namba hawakuiwaza.

Hapana budi kurudi nyuma kidogo. Tangu kabla ya vita vya pili vya dunia Wamakonde wa Msumbiji walikuwa wakivuka mto Ruvuma kwa makundi, wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, na kuja kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Mikindani. Watu wa Tanganyika waliwaita Wamawia, na jina hilo halikuwa la heshima; waliwajua kwa chale za usoni na kwa ndonya za wanawake wao, wakawapa kazi ambazo wenyewe hawakuzitaka. Lakini watoto waliozaliwa katika kambi za mkonge hawakuwa na chale, walisema Kiswahili tangu kuota meno, na nchi ya Mueda, kaskazini ya Msumbiji, waliijua kwa masimulizi ya jioni tu. Miongoni mwa wahamiaji hao ndimo kilimozaliwa chama cha MANU, ambacho baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 kilipata wafuasi wengi, na ambacho tarehe 25 Juni 1962 kiliungana na vyama vingine viwili mjini Dar es Salaam kuunda FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba harakati za kuikomboa nchi zilianza, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa watu waliokuwa nje yake.

Vita vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, wakimbizi walimiminika. Serikali, kwa msaada wa shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi la Tanganyika, iliwapa makazi Rutamba katika Lindi, Matekwe katika Nachingwea, na mahali pengine katika mkoa wa Ruvuma. Makazi haya hayakuwa mahema ya kugawiwa posho daima, bali mashamba: mtu alipewa ardhi, akafyeka, akapanda muhogo na mtama, na baadaye mikorosho, kwa matumaini ya kula matunda yake au kwa kukata tamaa ya kurudi, maana mkorosho haupandwi na mtu mwenye haraka. Karibu na hapo, tangu mwaka 1965, FRELIMO ilikuwa na kambi yake kubwa ya mafunzo ya kijeshi, Farm 17 hiyo, chini ya Samora Machel. Na humo walipitia maelfu ya vijana wa kila jimbo la Msumbiji.

Watoto wa watu hawa ndio mfano wangu wa kwanza, na ndio ulio mpana kuliko yote. Chama kiliwajengea shule ya msingi Tunduru na ya sekondari Bagamoyo, ambako Graça Simbine, aliyekuja kuolewa na Samora, alikuwa naibu wa mkuu wa shule. Darasani walifundishwa Kireno. Viongozi walitoa hoja kwamba Msumbiji haina lugha moja ya kienyeji inayofika kila jimbo, na kwamba kuchagua moja ni kuzitweza nyingine, kwa hiyo lugha ya adui ndiyo itakayokuwa ya umoja. Na hoja hiyo, ijapokuwa chungu, haikukosa mantiki. Uani, hata hivyo, watoto walicheza na kugombana kwa Kiswahili na Kimakonde. Hivyo mtoto aliyezaliwa upande huu wa Ruvuma aliandaliwa kwenda kwao kwa kufunzwa lugha ambayo babu yake aliikimbia, na lugha aliyoikuta hapa, ambayo ilikuwa ya ndugu na ya jirani, akaambiwa kwa upole aiache mpakani.

Na Msumbiji waliyofundishwa ilikuwa safi kupita kiasi. Kambini Nachingwea Mmakonde, Mmakua, Mshangana na Mnyanja walilala banda moja, walilima shamba moja, na mtu aliyetaja ukabila alikaripiwa mbele ya wenzake. Wanawake walipewa bunduki na kikosi chao tangu mwaka 1967. Chakula kilitoka katika mikono yao wenyewe. Nadhani hakuna nchi iliyopata kufanana na kambi ile, hata Msumbiji yenyewe. Nami sioni ajabu kuu, kwa kuwa kila mtoto wa ughaibuni hulelewa na nchi ya namna hii: nchi ya mezani kwa mama yake, isiyo na foleni wala rushwa wala mjomba mlevi, na ambayo jua lake huwaka tu siku za sikukuu.

Mapatano ya Lusaka kati ya FRELIMO na Wareno yalitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974. Mei 1975 Samora alivuka kwenda kusini, akasafiri mwezi mzima kutoka Ruvuma hata mji mkuu, ambao bado uliitwa Lourenço Marques, na tarehe 25 Juni bendera ya uhuru ikapandishwa. Kambi zikafunguka, watu wakaondoka. Lakini hawakuondoka kwa mlango mmoja, na hapa ndipo pa kutua na kutazama kwa makini.

Wale waliotoka katika shule na kambi za chama waliingia katika nchi iliyokuwa ikimwagika watu. Wengi sana kati ya Wareno laki mbili na ushei walikuwa wakiondoka, wakiacha ofisi, karakana, hospitali na shule pasipo wa kuziendesha, kwa kuwa walikuwa hawakuwafunza wenyeji kazi hizo. Kijana wa Bagamoyo aliyejua kusoma na kuandika Kireno, akiwa na miaka ishirini, alijikuta ana meza na muhuri. Hakuna aliyemwuliza kwa nini lafudhi yake ina uvumba wa pwani ya Tanganyika. Aliulizwa kama anajua hesabu za mishahara. Haja ilikuwa kubwa kuliko mashaka, na chama kilikuwa mdhamini wake.

Ama wale wa Matekwe na Rutamba, watoto wa wakulima wasio na cheo, walivuka kwa miguu na kwa malori kwenda uwanda wa Mueda, wakakuta vijiji vya ulinzi ambavyo Wareno walivijaza watu wakati wa vita vikigeuzwa kuwa vijiji vya ushirika, na mahame ya babu zao yamemezwa na kichaka. Hawa walipokewa na ukoo, penye ukoo. Lugha haikuwatesa sana, kwa sababu kaskazini ya Msumbiji Kiswahili kinasikika, pwani ya Cabo Delgado hasa, ambako Wamwani wanasema lugha iliyo nduguye. Bali lililowatesa ni kwamba walikuja bila kitu ambacho wenyeji walikihitaji. Walileta mikono, na mikono ilikuwapo. Wakaomba ardhi, na ardhi ndiyo iliyokuwa ikigombewa. Hivyo kijana mmoja aliweza kuwa mwenyeji Mueda na mgeni Maputo, na ndugu yake akawa mkubwa Maputo na mgeni Mueda, na wote wawili walitoka bonde moja la Nachingwea.

Mtu mmoja hutajwa kila habari hizi zinapozungumzwa, naye ni Filipe Nyusi. Alizaliwa Mueda mwaka 1959, akavushwa Ruvuma akiwa mtoto, akasoma shule ya FRELIMO ya Tunduru, akajiunga na chama mwaka 1973 akiwa na miaka 14 na kupata mafunzo Nachingwea, na mwaka 2015 akawa Rais wa Msumbiji; na alipozuru Tanzania aliweza kuwahutubia watu kwa Kiswahili pasipo mkalimani. Ni habari ya kupendeza, nami siipunguzii utamu, ila haifai kutumiwa kama kipimo. Safari yake ilikuwa na mdhamini kila hatua: wazazi wapiganaji, shule ya chama, jeshi la chama, kisha dola la chama. Ni wangapi waliotoka Tunduru pamoja naye wakaishia kulima muhogo katika kijiji kisichojua walikotoka, historia haikuwaandika.

Tukitaka kujua kama haya ni ya Msumbiji peke yake, na tutazame Oman. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya wengi wenye asili ya Kiomani kutoka Unguja na Pemba, na kwa miaka sita Oman ya Sultani Said bin Taimur haikuwa na hamu nao. Mwanawe Qaboos aliposhika mamlaka tarehe 23 Julai 1970, nchi ilikuwa na shule tatu tu na mafuta yaliyoanza kutoka. Basi akawaita Waomani wa ng'ambo warudi. Wakaja vijana waliosoma Zanzibar, Cairo na London, wenye Kiingereza kizuri na Kiarabu kibovu, nao wakapewa wizara, polisi, bandari na kampuni ya mafuta. Kwa muda, katika ofisi nyingi za Muscat kilisikika Kiswahili. Hata hivyo mwito wa Sultani haukutosha peke yake: mtu alitakiwa kujulikana ni wa kabila gani, na sheikh wa kabila hilo atoe ushahidi kwamba huyu ni wetu. Nauona utaratibu ule kuwa wa busara kuliko unavyoonekana, kwa maana uliunganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida hutengana, haja ya serikali na neno la ukoo. Haukufuta ugeni, hata leo wajukuu wa watu hao huitwa Wazanzibari katika mji ambamo wamezaliwa. Lakini wana ardhi, wana nyadhifa, na wanazikwa huko.

Rwanda inatoa sura nyingine. Mwaka 1994 laki kadhaa za watu waliokimbia tangu mwaka 1959, pamoja na watoto waliowazaa Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania, waliingia nchini nyuma ya jeshi lililoshinda. Hawa hawakubisha hodi; walikuja na ufunguo. Na kwa hiyo si wao waliobadili lugha yao, bali nchi ndiyo iliyobadilika: Kiingereza kilifanywa lugha rasmi, na mwaka 2008 kikachukua nafasi ya Kifaransa katika mafunzo ya shule. Nikilinganisha na Msumbiji nastaajabu: wapiganaji wa Nachingwea nao walishika dola, na Kiswahili walikuwa nacho, lakini walikuwa wamekwisha kukihukumu kambini, wakaingia Maputo na Kireno cha darasani. Basi nguvu peke yake haitoshi kumfanya mtu aje na malezi yake. Lazima pia asiyaonee haya.

Burundi ndiyo iliyo ngumu. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Tanzania, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima hata wakawa walipa kodi wa kuheshimika. Mwaka 2007 waliambiwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, na watu kiasi cha 172,000 wakachagua Tanzania. Waliochagua kurudi walikuwa na watoto, na wajukuu pia, waliozaliwa Tabora na Rukwa, waliosoma kwa Kiswahili, wakaketishwa katika madarasa ya Kirundi na Kifaransa pamoja na watoto wadogo kuliko wao. Na mashamba ya babu zao walikuta yamelimwa na watu wengine kwa miaka thelathini. Nchi haikuwa na nafasi tupu kama Msumbiji ya mwaka 1975, wala fedha kama Oman, wala wao hawakuja na ushindi. Kilichobaki mkononi mwao kilikuwa nasaba, na nasaba ilithibitika kuwa hati iliyopitwa na wakati. Wakati huohuo Wamakonde wa Kwale, ambao babu zao waliajiriwa katika mashamba ya mkonge ya Kenya miaka ya 1930, walikataa kuambiwa kwamba kwao ni Msumbiji. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi wakadai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakavipata. Walijua, nadhani, kuliko wanasheria, kwamba mtu hawezi kurudi mahali ambapo hakuna anayemngoja.

Sheria za nchi nyingine nitazipitia upesi, maana kwenye karatasi zote ni nzuri. Ufilipino ilitunga sheria mwaka 1989 ya kuwarahisishia wananchi wake wa ng'ambo, pamoja na jamaa zao wanaofuatana nao, kuingia nchini na kukaa hata mwaka mmoja bila viza, na mwaka 2003 ikawaruhusu waliochukua uraia wa kigeni kuupata tena ule wa kwanza. Ghana iliweka haki ya makazi kwa watu wa asili ya Kiafrika mwaka 2000, na mwaka 2019 ikawaalika watu hao popote walipo duniani. Mlango umefunguliwa, lakini kijana wa California anayetua Manila bado atachekwa kwa Kitagalogi chake, na binamu zake watamkadiria kwa uzito wa masanduku.

Sasa na turudi Ruangwa, tuuangalie mkondo unaokuja badala ya ule ulioondoka. Wenye asili ya nyanda hizi wametawanyika Dar es Salaam, Unguja, na wachache Muscat na Uingereza. Na watoto wao, kazi za mijini zinapopungua au korosho zinapopanda bei, huanza kuuliza habari za shamba la babu. Mtoto huyo akifika kijijini, huketishwa mkekani au kwenye kiti cha heshima, hupewa maji, shikamoo zake huitikiwa marahaba kwa sauti ya kuchunguza, kisha mzee mmoja humwuliza: U mtoto wa nani? Naye, kwa kuwa aliandaliwa na baba yake kwa safari hii, hulitaja jina la baba, na la babu, na la baba wa babu, bila kukosea. Wazee hutikisa kichwa kwa adabu. Halafu huulizwa tena, taratibu, kana kwamba bado hajajibu: Na mama yako ni mtoto wa nani? Na mama yake huyo? Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na ijapokuwa Uislamu, Ukristo na mahakama vimechanganya mambo, mjomba bado ana neno ambalo baba hana. Kijana aliyebeba nasaba yote ya baba mfukoni hugundua kwamba amekuja na nusu isiyotakiwa. Ikiwa mama yake alikuwa Mhaya, au Mwingereza, wazee hawatamfukuza, hasha. Watampenda, watampikia, watamtania, lakini watakuwa wakimtafutia mahali pa kumweka.

Serikali nayo ina swali lake, na ni la karatasi. Tanzania hairuhusu mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Na aliyezaliwa na uraia wa namna mbili hutakiwa kuchagua akifikia utu uzima. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, iko chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake, nao hawawezi kumgawia asiye raia. Kwa hiyo kijana mwenye pasi ya Uingereza, ambaye ukoo wake umezikwa Ruangwa tangu kabla ya vita vya Majimaji, anasimama mbele ya mtendaji wa kijiji mahali palepale anaposimama mtalii. Serikali imefungua mlango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na ni jambo jema, ingawa kwa maoni yangu limewafikiria zaidi wenye fedha za kujenga nyumba Kigamboni kuliko mtoto anayetaka kukaa Mandawa na kupulizia mikorosho.

Na mikorosho yenyewe haisubiri. Watu wa mbali hudhani shamba la korosho ni kama nyumba ya kupangisha, ambayo mwenyewe hukaa Muscat na kodi ikamfuata. Kazi huanza kwa palizi na kupogoa. Majani na maua yanapochipua, katikati ya mwaka, salfa hupulizwa mara kadhaa, au ugonjwa wa ubwiri hula maua yote. Kisha huja kuokota, kutenga bibo na korosho, kuanika, kuchambua, kutia katika magunia, kubeba hata chama cha msingi, kupimwa na kuandikwa. Tangu mwaka 2007 korosho ya Kusini huuzwa kwa stakabadhi ghalani: gunia huenda ghala kuu, wanunuzi hushindana mnadani, na fedha huingia benki kwa jina lililo katika daftari. Huku chama kikuu ni RUNALI, kwa herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Jina lililo katika daftari ndilo linalopata pembejeo za ruzuku, nalo ndilo linalolipwa. Na jina hilo ni la binamu aliyebaki, aliyepulizia salfa miaka kumi mwenye shamba akiwa hajulikani aliko. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Ndipo pia mtu asiyekuwa na shina moja la kuonyesha anapomwita mkulima halisi mwizi wa urithi. Na bei yenyewe ni kigeugeu: mwaka 2018, wanunuzi walipokataa kupandisha, serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatia wanajeshi katika kazi ya kusomba, na wakulima wengine walisubiri malipo kwa muda mrefu. Mwenye kuja na hesabu za bei ya mwaka mmoja atarudi alikotoka mwaka wa pili.

Hii ndiyo sababu naona ufuta ni mlango mzuri kuliko mkorosho kwa kijana wa namna hii, nao Lindi inauzalisha kwa wingi. Ufuta hupandwa wakati wa mvua za mwanzo wa mwaka na kuvunwa katikati ya mwaka huohuo. Shamba lake laweza kuazimwa kwa msimu bila kumnyang'anya mtu mti wa babu yake. Na mwenye kulima ufuta kwa mkono wake mbele ya macho ya watu hupata kitu ambacho hati ya kuzaliwa haimpi, yaani majirani waliomwona akitoka jasho. Tena atakuwa na la kuuza mnadani kwa jina lake mwenyewe. Kuna wengine watakaoajiriwa, kwa kuwa Ruangwa ina madini ya kinywe na dhahabu inayochimbwa na wachimbaji wadogo, ila kazi hizo huja na kuondoka na wenye mitaji. Na kama msomaji anataka kuona jinsi haja inavyoshinda nasaba, aende uwanja wa Majaliwa siku Namungo wakicheza. Klabu hiyo ya Ruangwa, iliyopanda ligi kuu mwaka 2019, imechezesha watu kutoka nje ya nchi wasio na hata bibi mmoja katika Lindi, na mmoja wao akifunga bao hakuna mzee anayeuliza habari za mama yake.

Limebaki kundi moja ambalo sheria na desturi zote mbili zinalisahau. Msumbiji iliingia katika vita vya ndani tangu mwaka 1977 hata mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992, na tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekuwa ikichomwa na waasi, Mocímboa da Praia na Palma zikiwa miongoni mwa miji iliyoumia. Katika misukosuko hiyo watu wamevuka Ruvuma tena kuja kaskazini, na kati yao wamo wale waliozaliwa au kukulia upande huu kabla ya mwaka 1975. Kwa pasi, hawa ni Wasumbiji. Kwa malezi, ni watu wa Matekwe, wanaojua ni mwembe gani uliokuwa wa shule, na pengine mikorosho waliyopanda baba zao bado inazaa kwa jina la mtu mwingine. Wamekwisha kwenda katika nchi ya wazee wao, wakaijaribu, ikawatupa. Na sasa wanabisha hodi katika nchi ya utoto wao, ambayo haina sheria ya utoto. Ningekuwa na neno katika kutunga kanuni, ningeruhusu mkutano mkuu wa kijiji utoe ushahidi kwa watu wa namna hii, wazee watatu au wanne waliocheza na mtu huyo wakiweka vidole katika daftari, na ushahidi huo upelekwe wilayani na uhesabiwe katika maombi ya ukazi na ya uraia, kama vile neno la sheikh lilivyohesabiwa Muscat. Wazee wa kutoa ushahidi huo bado wako hai Matekwe na Rutamba, lakini wadogo wao sasa wamepita miaka sitini.